Jino Lenye Mzizi

Jino la kwanza la mjukuu wangu lilidondoka kabla hajatimiza miaka mitatu, na mimi nilifurahi. Watu wakisimuliwa habari hii hudhani nilishtuka tangu mwanzo. Sikushtuka. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kito barabarani.

Ilikuwa asubuhi, jua limeingia jikoni kupitia dirisha la juu ya sinki. Mtoto alikuwa mezani na bibi yake, anatafuna kipande cha mkate huku akisimulia mambo yake yasiyo na nukta wala mkato. Tulimwita Chiriku kwa sababu hiyo. Tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, mdomo wake haukujua mapumziko. Mama yake, binti yetu wa pekee, alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare, na baba yake alikuwa dereva wa lori ambaye hata akiwa nyumbani alikuwa anafunga mizigo ya kuondoka. Kwa hiyo mchana kutwa mtoto alikuwa wetu.

Ghafla akanyamaza. Akatia vidole kinywani, akatoa jino la mbele la chini, akaliweka mezani kando ya kikombe kama mtu anayeweka mwiba wa samaki. Hakulia. Damu ilikuwa tone tu.

"Babu Meno," akasema, "lako hili."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema mke mwenzake keshaanza uzee, sasa mume atabaki wa kwake peke yake. Ndivyo walivyotaniana kila siku, wakinigombea mimi, na mtoto aliuingia ugomvi huo kwa moyo wote. Jino likaoshwa kwa maji ya bomba, likalazwa juu ya pamba ndani ya kisanduku cha kiberiti, nikakabidhiwa.

Hapa ni lazima nieleze kazi yangu, maana bila hiyo furaha yangu haitaeleweka. Kwa umri wangu wote wa kazi nimetengeneza nakala za mifupa na meno katika chuo cha madaktari. Mifupa ya kweli ni adimu na huvunjika mikononi mwa wanafunzi, kwa hiyo fundi huchukua kalibu kutoka kwenye mfupa halisi, humimina plasta, hupaka rangi, na mwanafunzi hupata taya la kushika bila woga. Niliingia chuoni kama mfagiaji. Sayansi niliipata kwenye masomo ya jioni, nikiwa tayari nina mke, naye ndiye aliyekuwa akinisikiliza nikikariri mifupa ya mkono huku anapiga pasi. Mifupa ya mkono aliijua kabla yangu. Hata baada ya kustaafu chuo kiliniachia chumba changu, nikawa nakwenda siku ninazotaka. Wanafunzi waliniita Mzee Taya, nami nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Sasa, jino la utoto linapong'oka huwa halina mzizi. Jino la ukubwani linapopanda kutoka chini huutafuna mzizi wa lile la juu polepole, mpaka kinachobaki ni kikofia tu, nacho kikofia kinadondoka. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anang'oa jino kwa uzi na kuendelea kucheza. Jino la utoto lenye mzizi kamili ni kitu nilichokiona mafuvuni tu, kwa watoto ambao hawakuishi kufika umri wa kung'oka meno. Walimu walikuwa wananililia miaka mingi niwapatie mfano mzuri wa kunakili. Na sasa ndani ya kiberiti nilikuwa nalo, jembamba, jeupe, mzizi wake mrefu umechongoka mpaka ncha bila kasoro hata moja. Lilikuwa zuri kama la kuchorwa kitabuni. Sikujiuliza kwa nini mtoto aliye hai amelitoa kwa mkono wake huku akila mkate. Fundi akiona kielelezo huona kielelezo.

Nilikwenda nalo chuoni siku hiyohiyo. Nikalisimamisha juu ya udongo laini, nikamimina mpira wa kalibu, nikagonga meza kwa kiganja ili mapovu yapande juu. Mapovu ndiyo adui wa kazi hii. Likibaki moja kwenye kalibu, kila nakala itakayotoka humo itakuwa na kinundu mahali palepale, hata umimine mia. Mwanafunzi wa kazi akiniletea nakala yenye kasoro, sikumgombeza kabla sijaona nakala ya pili. Kasoro ikiwa kwenye moja tu, mkono wake ulitetemeka. Ikiwa kwenye zote mbili, mkono hauna kosa, kalibu ndiyo mbovu. Nilifundisha hivyo kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba nafundisha kitu kingine chochote.

Daktari wa meno ya watoto aliingia wakati nakala ya kwanza inakauka. Ni mama wa makamo, mpole, ambaye hufundisha darasa la mwaka wa nne na huja mwenyewe kuchukua mataya ya mtihani. Nikampa lile jino halisi kiganjani, nikakaa nikisubiri sifa. Alilipeleka dirishani. Akaligeuza, akagusa mzizi kwa ukucha wa kidole kidogo, akaligeuza tena, polepole kuliko sifa inavyohitaji.

"Mzee," akasema, "hili limetoka kwa nani?"

Nikamwambia, bado najisikia mkubwa, kwamba ni la mjukuu wangu, ametoa mwenyewe leo asubuhi akila mkate. Akauliza umri. Akauliza kama lilikuwa limegongwa, kama mtoto alianguka. Kisha akauliza mambo ambayo hayakuhusu meno. Alianza kutembea lini? Anatembeaje? Analalamika miguu? Nikajibu kwamba alichelewa kidogo, ndiyo, na anatembea kwa kuyumba kama bata, ndiyo, tena tulimcheka kwa hilo, na jioni huomba kubebwa. Nilisikia majibu yangu mwenyewe yakijipanga mbele yangu. Mwisho akaniuliza kuhusu meno yangu. Nikacheka na kumwonyesha. Yote ni ya bandia, nimejitengenezea mwenyewe, kwa sababu meno yangu yalidondoka nikiwa kijana hata ndevu hazijajaa. Ya mama yangu pia yalidondoka mapema. Yeye alisema ni uzazi umeyala.

Daktari hakucheka. Akaniambia nimlete mtoto hospitali, damu ipimwe na picha zipigwe, na mama yake aje, na sisi wazee tuje.

Kabla sijafika hospitali, niseme habari ya kijana wetu.

Kabla ya binti yetu tulikuwa na mtoto wa kiume. Aliishi miezi michache. Asubuhi moja mke wangu aliamka akamkuta kando yake hapumui, na kifua chake kimebonyea upande mmoja. Mama yangu mzazi alikuwa akiishi nasi wakati huo. Aliingia chumbani, akamtazama mtoto, akamtazama mkwewe, akasema neno moja: umemlalia. Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

Nilimkatalia mama yangu palepale, mbele ya watu, na nikaendelea kumkatalia mpaka siku alipofariki. Niliwaambia ndugu zangu kwamba atakayelirudia neno hilo asikanyage kwangu, na baadhi yao kweli hawakukanyaga tena. Lakini mke wangu hakuniamini mimi. Alimwamini mama. Ushahidi wangu ulikuwa mapenzi tu, na ushahidi wa mama ulikuwa kifua kilichobonyea. Binti yetu alipozaliwa, alilazwa kwenye kitanda chake mwenyewe tangu siku ya kwanza, upande wa pili wa chumba, na mama yake alimnyonyesha akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, ili usingizi usimpitie. Alifanya vivyo hivyo kwa Chiriku. Mtoto akimsinzilia mapajani, bibi hukaa wima kama askari wa lango mpaka atakapoamka. Binti yetu alijua kwamba aliwahi kuwa na kaka aliyekufa kwa homa. Zaidi ya hapo hakuambiwa.

Picha za mtoto na majibu ya damu zetu sote yalipotoka, mke wangu alibaki nyumbani, tukaenda mimi, binti yangu na mtoto. Daktari wa meno alizipandisha picha kwenye taa ya ukutani, na pembeni yake alikuwapo daktari wa magonjwa ya kurithi, kijana mwenye sauti ya chini ambaye alizoea kutoa habari mbaya bila kuzipaka sukari. Nimeshika mifupa ya miguu ya watoto mara nyingi. Mwisho wa mfupa unatakiwa kuwa mstari safi. Ya mjukuu wangu ilikuwa imelika ncha kama ufagio uliochakaa. Mbavu zilikuwa nyembamba, hafifu, kama zimechorwa kwa penseli na mtu akapitisha kifutio.

Daktari huyo alieleza, nami nilimwelewa kila neno, na nilitamani nisingesoma. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuruhusu madini yashike kwenye mfupa, na pia kujenga lile ganda jembamba, mfano wa saruji, linaloufunga mzizi wa jino kwenye taya. Kimeng'enya kikipungua, mfupa hukua laini, na jino hukaa tu shimoni bila kushikwa. Siku moja linatoka zima. Maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye jeni, nakala moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Anayepata nakala mbovu moja anaweza kuishi hadi uzee asijue, au akapoteza meno tu. Anayepata mbili huumwa, na ukali hutegemea ubovu wenyewe. Wengine hutembea wakiyumba. Wengine wanazaliwa na mbavu zisizoweza kubeba pumzi.

Aliposema hivyo nikasimama. Sikujua kwamba nimesimama mpaka binti yangu aliponivuta shati.

Nikauliza: mtoto mchanga wa aina hiyo ya mwisho, kifua chake kinakuwaje? Daktari akasema kinaweza kubonyea chenyewe, mbavu zikivunjika hata bila kuguswa. Nikauliza tena, kama mtu mzima akimlalia? Akasema hahitaji kulaliwa na mtu. Damu yangu ilikuwa imeonyesha nakala mbovu, ya mke wangu pia. Binti yetu alikuwa nayo moja, kutoka kwa mmoja wetu, na mumewe alikuwa na yake ya namna nyingine, nyepesi zaidi. Zile mbili zilikutana kwa Chiriku. Na zetu sisi wawili, zile nzito, zilikutana mara moja tu. Kijana wetu na mjukuu wetu walikuwa nakala mbili, na kasoro ilikuwa mahali palepale.

Nikauliza kuhusu dawa. Akajibu kwamba ipo, lakini haijafika huku, na hata ingefika si ya watu wa kipato chetu. Chiriku ataishi. Atavunjika mara nyingi, ataumwa miguu, meno yake ya utoto yatatoka yote mapema, na tutafanya linalowezekana kwa viatu maalumu na mazoezi. Kisha akauliza swali ambalo binti yangu alikuwa analiogopa, kwa sababu mkono wake ulikuwa tumboni tangu tulipoingia. Alikuwa na mimba changa. Daktari akasema ili amshauri vizuri inampasa ajue habari za ukoo mzima, hasa watoto waliokufa, hivyo siku ya kurudi aje na mama yake.

Tukatoka. Binti yangu alimbeba mtoto, nami nilibeba mkoba. Tulipita kando ya ukuta mrefu wa hospitali ambako watu wameanika shuka. Chiriku alikuwa anahesabu shuka kwa hesabu yake, moja, mbili, nane. Mimi nilikuwa natembea haraka. Ndani yangu kulikuwa na kitu kinanisukuma kama upepo mgongoni, nacho nilikuwa sijakitafutia jina.

"Baba," binti yangu akasema, "unatabasamu nini?"

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu mlevi msibani, akamhamishia mtoto bega la pili, akatangulia.

Nilimkuta mke wangu jikoni anamenya viazi. Nikavuta kiti karibu yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na nilianza mbali kama ninavyowaanza wanafunzi, na samaki wa zamani ambao meno yao ya kwanza yalikuwa kwenye ngozi. Akasema niwaache hao samaki, nimwambie mtoto ana nini. Nikamwambia. Alisikiliza bila kuacha kumenya, ganda linashuka refu bila kukatika. Nilipofika kwenye mbavu, nilipunguza mwendo. Nikamweleza habari ya nakala mbili, moja kutoka kwangu na moja kutoka kwake. Nikamweleza kwamba asili yake upande wangu bila shaka ni mama yangu huyohuyo, na meno yake yaliyodondoka. Nikamwambia kwamba kifua kile kilibonyea chenyewe. Kwamba hata angelazwa kwenye pamba peke yake, katikati ya chumba kitupu, asubuhi ingekuwa ileile.

"Hukumlalia," nikasema. "Sasa si mimi ninayesema. Ni damu."

Kisu kikasimama. Nilisubiri. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo tangu nilipokuwa kijana mwenye meno ya kwanza ya bandia. Nilidhani atalia, nami nimshike.

Akauliza, "Na huyu wetu, ni ugonjwa uleule?"

"Uleule. Wake si mkali vile."

"Na kama mimi nilimlalia yule, basi huyu si mgonjwa."

Nikamwambia haifuati hivyo. Damu imepimwa, picha zimepigwa, Chiriku ni mgonjwa kwa vyovyote vile. Ni kweli, hoja yake ilikuwa na pengo la kupita gari. Lakini nilikuwa naongea na mtu ambaye hakuwa akitafuta hoja.

"Basi nilimlalia," akasema. "Mama yako alisema kweli."

Nikashika mkono wake wenye kisu. Nikarudia yote, kwa lugha nyepesi zaidi, kama vile hakuelewa. Alikuwa ameelewa vizuri kuliko mimi.

"Sikiliza, Fundi. Jambo hili nimelibeba peke yangu maisha yangu yote. Limekaa hapa." Akagusa kifua chake kwa mpini wa kisu. "Lilikuwa langu, lilianza kwangu na lingeishia kwangu. Nilipokuwa nakaa kwenye kile kiti usiku, nilijiambia, watoto wengine wako salama, mbaya ni mimi tu, na mimi nipo macho. Leo unataka nilitue nimtwishe mtoto? Na yule aliye tumboni?"

Masomo ya jioni hayana somo hilo. Akarudi kwenye kiazi chake, akanikataza kumwambia binti yetu neno lolote la kale.

Siku ya kurudi hospitali alivaa nguo yake ya heshima, akakaa katikati yetu mbele ya daktari kijana. Daktari alikuwa na karatasi kubwa. Alichora mraba kwa kila mwanamume na duara kwa kila mwanamke, akaunganisha kwa mistari, na wale wenye ugonjwa aliwatia wino nusu au wote. Mimi nilikuwa mraba wenye wino nusu. Chiriku, aliyekuwa chini ya meza akiongea na kiatu cha daktari, alikuwa duara jeusi. Mraba mmoja mdogo juu yake ulikuwa bado mtupu, umekatwa kwa mstari wa mshazari kuonyesha kwamba mwenyewe hayupo.

Daktari akamuuliza mke wangu, kwa adabu kabisa, mtoto wake wa kwanza alikufaje.

"Nilimlalia," mke wangu akasema.

Binti yetu aligeuka akamtazama mama yake. Kalamu ya daktari ilibaki hewani. Najua aliwahi kusikia uongo mwingi kwenye kiti kile, watu wakificha wagonjwa wao, lakini sidhani aliwahi kuona mtu anayejisingizia kifo. Akanigeukia mimi.

"Mzee, ndivyo ilivyokuwa?"

Nilimtazama mke wangu. Hakunitazama. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefumbwa, ila kidole gumba kimoja kilikuwa kinasugua kingine. Alikuwa ananiomba. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniomba kitu kikubwa, na hiki kilikuwa rahisi, nikubali kwa kichwa tu. Upande wa pili alikuwa binti yangu na mkono wake tumboni, anasubiri kuambiwa kama ukoo wake umewahi kuzaa mtoto asiyeweza kupumua. Mraba ule ukibaki mtupu, atashauriwa kama mtu mwingine. Ukijazwa wino, atashauriwa kama alivyo.

"Hapana, daktari," nikasema. "Hakumlalia. Kifua kilibonyea chenyewe. Mama yangu ndiye aliyesema amelaliwa, na alikosea."

Daktari akajaza mraba wino. Alichukua muda kuujaza, pembe hadi pembe. Mke wangu akasimama, akarekebisha nguo yake, akaomba radhi kwa daktari, akatoka nje.

Binti yangu alitaka kumfuata, lakini daktari alikuwa ameanza kumweleza habari ya vipimo vinavyoweza kufanywa mimba ikiwa changa, na uwezekano wa mara moja katika nne, na kwamba uamuzi ni wake na mumewe. Nikamwambia abaki asikilize. Nikatoka mimi.

Nilimkuta kwenye benchi la ukumbi, chini ya tangazo la kunawa mikono. Watu walikuwa wanapita na mafaili na chupa za mkojo. Nilikaa, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu, kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kuijaza. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na mtoto wa kumfikiria. Alikuwa analijua hilo. Nilitaka kumwambia kwamba sasa yuko huru. Neno hilo nililionea aibu.

Alikuwa analia bila sauti. Kijana wetu alipokufa hakulia, na watu walilisema hilo pia. Nikafikiri, basi imefika, ile saa niliyoisubiri. Nikasogea.

"Wewe unaijua mifupa," akasema, bado anatazama ukuta wa mbele. "Mbavu zikiwa laini hivyo, zinauma?"

Nikatazama mlango wa daktari.

"Alikuwa analia nikimbeba. Unakumbuka? Akiwa amelala chini ananyamaza, nikimbeba analia. Nilidhani hajatosheka. Nilidhani anataka nimkumbatie zaidi." Alifungua mikono yake, akaiangalia, akaifumba tena kifuani kama mtu aliyeshika kitu kidogo. "Nilikuwa namkaza. Kila alipolia, mimi namkaza."

Mlango wa daktari ulikuwa wazi nusu. Sauti ya Chiriku ilisikika kutoka chini ya meza, anamweleza mtu jambo refu. Mke wangu alikuwa ananisubiri. Kwa maisha yetu yote kila aliloniuliza kuhusu mwili wa binadamu nililijibu, na pale nisipojua nilikwenda kusoma, nikarudi na jibu.

"Sijui," nikamwambia.

Akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile, na akaona kwamba najua.